Kabla ya kununua kisu cha zamani Lubumbashi, kisome kwanza

Ukikuta kisu cha kukunja cha zamani kwenye meza ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, usianze na bei. Kikunjue, kielekeze kwenye jua, tazama pale ubapa unapoingia kwenye mpini. Hapo ndipo kiwanda hugonga mhuri wake. Kama pamejaa kutu na taka, usisikitike: kisu kichafu bado kina habari zake. Kilichopitishwa kwenye mashine ya kunolea hadi kikang'aa, mhuri umeliwa na thamani imeondoka nao. Wauzaji wetu hung'arisha wakidhani wanatusaidia. Mimi huwaomba wale ninaowazoea waniwekee visu vilivyo vichafu. Wananicheka, lakini wananiwekea. Nyumbani, mswaki laini na mafuta ya taa kidogo vinatosha kufunua herufi.

Muuzaji atakuambia, "Papa, hii kisu ni ya bazungu ba zamani!" Sawa, lakini zamani ipi? Niliwahi kuonyeshwa kimoja nikiambiwa ni cha siku za Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na ubapa wenyewe umeandikwa "Inox", yaani chuma kisichoshika kutu. Leopold alifariki 1909. Chuma hicho Harry Brearley alikipata Sheffield, Uingereza, 1913, na kwenye visu vya mfukoni kilikuja kuenea baadaye. Neno moja tu, na hadithi yote ikaanguka. Niliweka kisu mezani, nikaongea habari za mvua.

Visu vya Sheffield visikushangaze katika mji uliotawaliwa na Wabelgiji. Reli ilifika hapa, wakati huo Élisabethville, mwaka 1910 ikitokea kusini, na bidhaa za Kiingereza zilipata njia. Alama inayotafutwa sana ni nyota na msalaba wa Malta vya Joseph Rodgers, kampuni ya Sheffield. Jina hilo liliigwa mno, kwa hiyo soma tahajia herufi kwa herufi. Ukiona kampuni inajitaja kuwa mtengenezaji wa visu wa Mfalme wa Uingereza, si wa Malkia, fikiria kati ya 1901 na 1952, kisha uulize mpini na springi kama vinakubaliana na miaka hiyo. Mhuri peke yake ni shahidi mmoja tu.

Sasa niseme lile ambalo wenzangu hawalipendi. Wengi hukimbilia vile vyekundu vya Uswisi, ilhali kisu ambacho mtu wa Katanga angepaswa kukikusanya kiko jikoni kwa shangazi yake: Okapi. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa makoloni ya Afrika, kikapewa jina la mnyama wetu wa Ituri. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Unakijua: mpini wa mbao wenye mwezi na nyota, pete ndogo mgongoni ya kuvuta ili kukifunga, na ule mlio wa meno, kra-kra-kra, unapokikunjua. Geuza ubapa. Ukisoma Solingen, una kisu cha kabla ya kuhama, na kama kimeandikwa "Western Germany" basi ni cha baada ya vita vya pili. Kwa sababu kila mtu amekatia sombe, majani ya muhogo, kwa Okapi, hakuna anayekipandisha bei. Nunua sasa.

Opinel za Wafaransa nazo zinapatikana. Pete ya kufungia ilianza 1955, kwa hiyo kikubwa kisicho nayo huenda ni cha kabla ya hapo, au pete imepotea. Vidogo, hadi namba 5, havina pete hata leo.

Kabla ya kulipa, kifunge. Kama ncha ya ubapa inachungulia nje ya mpini, kimenolewa miaka mingi hadi kikabadilika umbo. Mimi sinunui cha hivyo, labda mhuri uwe wa ajabu. Tikisa ubapa pia. Ukicheza kushoto na kulia, pini imelegea.

Ukishakipata, mafuta mepesi tu, msasa usiuguse. Weusi wa chuma cha kaboni si kutu, uache. Mipini ya seluloidi, plastiki ya zamani, ambayo ukiisugua kwa kidole hutoa harufu ya kafuri, itenge na vingine: ikizeeka hutoa mvuke unaokula chuma cha majirani zake. Mpini mweupe uuchunguze kwa lenzi. Vitundu vidogo vyeusi ni mfupa. Mistari inayokatana kama wavu yaweza kuwa pembe ya ndovu, na biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa uamuzi wa 1989. Cha namna hiyo usikinunue, wala usijaribu kukivusha mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa.