Kabla hujabadilisha maana ya slashi, uliza nani hayupo kwenye grupu

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji: "Kaka shikamoo, nina kilaibrari changu kinatumiwa na watu kama 200, nataka kubadilisha kinavyolinganisha namba na maneno maana ilivyo sasa ni aibu tupu. Kwenye grupu karibu wote wamekubali. Nitoe tu toleo jipya au nisubiri?" Laibrari ni kodi iliyoandikwa tayari, wengine wanaiweka ndani ya programu zao.

Nimekaa nayo siku mbili sijajibu. Hiyo "kwenye grupu karibu wote wamekubali" imenirudisha Mwanza mwaka 2019, na ilibidi ninywe maji kwanza.

Wengi mnaonisoma mna ndoto kama yangu, kwamba siku moja utengeneze kitu chako na watu wakitumie bila wewe kuwepo. Mimi nilikipata. Kilikuwa kilugha kidogo cha fomula, nimekijenga juu ya lugha ya kuprogramu ya Python 2, mhazini anaandika "rejesho = mkopo / miezi" kwa Kiswahili, slashi ndo alama ya kugawanya, na mfumo unapiga hesabu. Nilianzia kwenye SACCOS moja, zikawa nne, wakaingia na wenye maduka ya jumla, afu wanafunzi wa chuo wakaanza kukitumia kujifunzia. Miaka ya kukaa usiku na kula mihogo ya kukaanga nairuka, mnaijua. Naomba tu mkubali kwamba kilikuwa kitu kizuri, maana hilo sijawahi kusikia mtu akilisema tangu siku ile.

Sasa Python 2 ukigawanya namba kamili kwa namba kamili unapata namba kamili, mabaki yanatupwa, yaani 5/2 ni 2. Kilugha changu kilirithi hivyo hivyo. Vijana wa chuo wakanicheka kwenye grupu la WhatsApp, "bro hii hesabu ya mwaka gani?" Iliniuma kuliko nilivyoonyesha. Na wakati huo Python 2 ilikuwa inafungwa tarehe 1 Januari 2020, kwa hiyo kuhamia Python 3 ilikuwa lazima, na Python 3 inasema 5/2 ni 2.5. Nikaona ndo nafasi yenyewe. Nikaitisha kura kwenye grupu, 31 wakasema badilisha, 4 wakasema acha. Nikabadilisha Jumamosi usiku, nikalala nikiwa na raha kabisa.

Kwenye lile grupu hakukuwa na mhazini hata mmoja. Hata mmoja!

Angalia kilichotokea. Mtu kakopa 500,000 kwa miezi 12. Zamani mfumo ulisema 41,666 kila mwezi, na mwezi wa mwisho analipa 41,674 kumalizia mabaki, imeandikwa hivyo kwa peni kwenye kitabu chake. Baada ya apdeti yangu rejesho likawa 41,666.67. Mama mmoja muuza dagaa kalipa kwa simu 41,666 kama kitabu kinavyosema, mfumo ukaona kapungukiwa senti 67, ukampiga faini ya 2,000. Senti 67! Tanzania hii, utazipata wapi hizo senti hata ukizitafuta? Siku hiyo walipigwa faini wanachama 43.

Jumatatu saa moja asubuhi mhazini ananipigia: "Kijana, mashine yako inakula watu." Nilipofika yule mama alikuwa ameshakaa kwenye benchi, kitabu mkononi, kidole kimewekwa kwenye ile 41,666. Akaniuliza taratibu tu, "Mwanangu, hii elfu mbili ni ya nini?" Nikaanza kumweleza habari za desimali. Jamani. Nilimweleza desimali.

Nilizifuta zile faini moja moja, siku tatu nzima. Mwezi uliofuata kwenye mkutano wao mtu akasimama akasema "huyu kijana anatufanyia majaribio", wakarudi kwenye Excel. Wale 31 waliopiga kura hakuna aliyeniuliza naendeleaje.

Cha kuudhi ni kwamba nilijitetea kwa jina la Python, "mbona hata Guido van Rossum aliyeitengeneza kabadilisha", na sikuwa nimesoma alivyobadilisha. Pendekezo la kubadilisha kugawanya, PEP 238, ni la 2001. Python 2.2 ikatoa slashi mbili kwa wanaotaka namba kamili, na anayetaka maana mpya anaandika mstari mmoja juu ya faili lake kuiomba. Aliyenyamaza anabaki na ya zamani. Maana mpya ilikuja kuwa ya wote kwenye Python 3.0, Desemba 2008. Miaka saba! Mimi nilitumia Jumamosi moja. Na kwenye injini yangu ningeweka slashi mbili mahali pamoja tu, wahazini wasingejua kama kuna kitu kimehama.

Na hata wao wa Python, na hiyo miaka saba, waliteleza. Python 3 iligeuza maneno yote kuwa Unicode, yaani mfumo wa kuandika herufi za lugha zote, raha kwa wa tovuti na sisi wenye lugha zetu, ila watu wanaoshughulika na baiti, yaani data ghafi za mtandao, wakaachwa wanahangaika, pamoja na wenye laibrari zinazotakiwa kufanya kazi kwenye Python 2 na 3 zote mbili. Ndo maana ile u iliyokuwa inawekwa mbele ya maneno kwenye Python 2 ilirudishwa kwenye 3.3, na kuchomeka thamani ndani ya baiti kwa alama ya asilimia kukarudi kwenye 3.5. Ukiona kitu kilichofutwa kinarudishwa ujue kuna kundi halikuhesabiwa. Mwisho wa Python 2 wenyewe ulikuwa uwe 2015, ukasogezwa hadi 2020, maana watu walikuwa hawajahama.

Sasa mdogo wangu, swali lako. Wa lugha ya PHP walifanya hicho hicho unachotaka, kwenye PHP 8 ya Novemba 2020, zamani ukiuliza kama 0 ni sawa na neno "abc" (0 == "abc") jibu lilikuwa kweli, sasa ni uongo. Kwa hiyo wazo lako siyo baya. Ila kura za grupu zitupe. Waliomo humo wanapenda lugha, asiyekuwemo ana kazi imesimama juu ya hiyo lugha, na huyo wa pili haji kukuambia kitu mpaka siku imeharibika. Mtafute. Mpigie, nenda ofisini kwake, muombe fomula zake za kweli uziendeshe zamani na sasa, ulinganishe majibu. Mimi ningefanya hivyo kwa SACCOS moja tu ningeona ile .67 ndani ya dakika tano.

Na ujue mabadiliko yanayogoma na kupiga kelele ni ya huruma kuliko yanayotoa jibu jingine kimya kimya. Programu ikigoma mtu anakupigia. Ikitoa jibu jingine anapigwa faini mama wa watu. Kama lazima maana ibadilike, waige wa lugha ya Go. Walipobadilisha kigezo cha kitanzi cha for (kipande cha kodi kinachojirudia) kwenye toleo la 1.22, Februari 2024, maana mpya inamshika yule tu ambaye faili lake la go.mod, linalosema mradi wake unatumia Go ya toleo gani, limetaja 1.22 au zaidi. Kodi ya zamani inaendelea na maana yake ya zamani. Nilipoisoma ile nilifunga laptop nikatoka nje kidogo.

Watakaokucheka kwenye grupu waache wacheke, mi nilishindwa hapo tu.

Karani aliwahi kuniambia yule mama anauzia soko la Mwaloni, Kirumba. Mpaka leo nikienda kununua dagaa naingilia upande wa pili.