Waridi za sukari kudondoka petali njiani: yaliyonikuta mimi Kigoma

Dada uliyeuliza kwa nini waridi zako za sukari zinadondoka petali kabla keki haijafika ukumbini, na kama dawa ni kusukuma donge nene zaidi: usinenepeshe. Petali nene ni nzito, inauelemea waya, na kwa macho inakuwa kama kipande cha chapati. Ua linashikwa na waya ulioingia vizuri na petali iliyokauka hadi ndani. Hapa Kigoma, mvua zikianza tu na ziwa liko pale chini, hewa yenyewe inalowesha sukari.

Donge langu: fondanti (lile donge laini la sukari la kupambia keki) robo kilo, kijiko kimoja cha chai cha unga wa CMC, ule unaofanya donge livutike na likauke gumu, nakanda huku nimepaka mikono mafuta mgando meupe, nafunga kwenye nailoni lilale usiku kucha. (Mawese tuyaache kwenye mchuzi jamani. Kuna mtu wa huku kwetu aliyakandia, maua meupe ya harusi yakawa ya chungwa.)

Waya, namba ikipanda ndivyo unavyokuwa mwembamba. Kikonyo cha kati natumia 18 au 20, petali 26, vijiua 28 au 30.

Kazi yenyewe iko kwenye petali. Sukuma donge ukiacha mgongo katikati, mnene chini, unaofifia kuelekea juu. Pembeni pawe pembamba hadi uone mistari ya kiganja chako. Kata umbo mgongo ukae kati. Chovya ncha ya waya kwenye gundi ya CMC iliyolowekwa kwa maji, halafu ipanguse ibaki na unyevunyevu tu, maana ikilowa chapachapa petali itazunguka kwenye waya. Bana mgongo kwa kidole gumba na cha shahada, ingiza waya huku unausokota polepole. Waya ukitaka kutoboa petali, vidole vitausikia kabla macho hayajauona. Ufike nusu ya petali, kisha finya chini donge liukumbatie. Laza kwenye kijiko cha wali ipate mkunjo, usiiguse saa 24. Mvua ikishinda inanyesha nasubiri siku mbili. Iliyokauka ukiigonga kwa kucha inalia kama kigae.

Nikiwa bado mgeni wa kazi hii nilipata keki ya harusi Ujiji. Kwa kuogopa joto nikalaza maua kwenye friji. Asubuhi nilipoyatoa yakaanza kutoka jasho, rangi nyekundu ikachuruzika kwenye waya, petali moja ikainama taratibu nikiiangalia, kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri. Waridi tisa, zilizofika tano. Nikazipanga zote upande wa maharusi, nyuma nikajaza majani.

Siku hizi yanakaa kwenye boksi la viatu, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu visivyogusa ua, na nayapachika hukohuko ukumbini. Bodaboda haijui petali.

Na waya usiuchomeke kwenye keki hivihivi, haukutengenezwa kugusa chakula. Kata mrija, ziba chini kwa chokoleti iliyoyeyuka, uchomeke, ua liingie humo. Mwambie anayekata keki ayatoe yote kwanza na ayahesabu. Watoto wakiona ua la sukari hawaulizi ndani kuna nini.