Kabla hamjalipia fungate ya kisiwani

Mwanangu Mwanasiti,

Wa aleikum salaam. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Ya kwanza nilikuwa sokoni Ukunda, sikuambulia neno. Ya pili nilikaa barazani nikausikiliza hadi mwisho, pamoja na pale ulipodhani umeshazima simu ukamwambia mwenzako, "Mama atakataa tu."

Sikatai. Umeuliza mawili. Kwanza, mwende fungate kwenye hicho kisiwa cha Karibi mlichokiona pichani, Petit St. Vincent, hoteli peke yake kisiwani, hakuna simu wala televisheni chumbani, au pesa hizo ziingie kwenye kiwanja? Pili, mbona mimi kaka yako alinipeleka pande hizo hizo, na niliporudi nikasema "kuzuri", basi, mpaka leo. Naanza na hilo la pili. La kwanza litajijibu humo humo njiani.

Unajua nimetandika vitanda vya hoteli Diani miaka 29. Kaka yako alikuwa na msemo wake: "Mama, mara moja tu na wewe utandikiwe." Ikawa Januari 2020, niko kwake Toronto, theluji imefika kwenye vioo vya gari, akaniambia twende. Saa tano angani mpaka Barbados, kisha ndege ndogo ya mapanga, ambayo kabla ya kuipanda walinipima mimi na begi langu kama gunia la nazi. Begi likaonekana zito, likaachwa, likaja kesho yake. Tukashuka Union Island, tukapanda boti. Visiwa hivyo vinaitwa Grenadines, vimejipanga mstari kati ya Saint Vincent na Grenada, vingine vidogo hata Wasini ni kubwa. Hoteli yenyewe sitaitaja hapa, kaka yako anaijua.

Walinipa nyumba yangu peke yangu, ya mawe, kilimani. Mlango mmoja, bahari mbele, jirani humwoni wala humsikii. Kaka yako na mkewe walikuwa ng'ambo ya pili ya kilima. Usiku wa kwanza sikulala. Vyura wa miti wanapiga mbinja usiku kucha, na upepo hauna zamu: kule hakuna kaskazi wala kusi, mwaka mzima wavuma kutoka mashariki.

Asubuhi nikashuka ufukweni kungoja maji yatoke. Mimi nimezaliwa na bahari inayokwenda zake hadi mwambani ikarudi, na wewe pia. Nikakaa. Nikala kiamsha kinywa, nikarudi. Maji yako pale pale. Nikamwuliza kijana wa boti, hapa maji hutoka saa ngapi? Hakunielewa hata kidogo. Kumbe kule kupwa na kujaa ni jambo dogo mno, hata nusu mita hayafiki, na huku kwetu bamvua likishika ni mita tatu na zaidi. Hapo ndipo nilipojiona niko mbali na nyumbani, Mwanasiti, si ndani ya ndege. Bahari isiyotoka, wanawake wataokota wapi kome? Pweza atapatikana vipi kwa miguu?

Siku ya pili nilikaa chini ya mwavuli na dera langu jeupe. Akaja mama mmoja wa Kizungu, mpole kabisa, akaniomba taulo. Nilijua zilipo. Nilikuwa nimeshaona kabati, na nimeshaona kuwa wanazikunja vibaya. Nikainuka nikamletea mbili. Akanipa dola tano. Hii sikumwambia kaka yako, na wewe usimwambie, ataumia bure. Mimi sikuumia. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kupanda kilima, ingawa nilipofika juu kicheko kilikuwa kimeisha.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya tatu.

Kila alfajiri nilikuwa naamka, naswali, natandika kitanda. Mkono wenyewe unatandika, siuulizi. Siku hiyo yule dada wa vyumba akaja mapema, akanikuta nimesimama nalainisha shuka. Hakusema kitu. Akaenda kwenye kona ya godoro, akaivuta ile kona niliyoikunja kama bahasha, akaitazama, akanitazama. Akaniuliza, "Ulifanya kazi wapi?" Kiingereza chao kina mdundo wake, nusu yake kilinipita, lakini hilo nililipata. Nikamwambia Kenya, hotelini, miaka 29. Akakaa kizingitini. Kitandani hakukaa, hata mimi nisingekaa.

Akaniambia, "Mama, tafadhali usitandike." Wako watatu upande ule wa kilima, wanakuja kila siku na boti ya wafanyakazi kutoka Union Island kabla jua halijachomoza vizuri. Msimamizi akiona vyumba vinakwisha mapema, atasema wawili wanatosha. Hesabu hiyo hakuwa na haja ya kunifafanulia. Nimepigwa nayo kila lo sizoni, wageni wanapopungua, Aprili mpaka Juni, wewe ukiwa mdogo na karo imefika. Basi nikashika shuka nikakivuruga kitanda kwa mikono yangu miwili, foronya nikazitupa chini, tukacheka mpaka akajifuta machozi na aproni.

Kuanzia hapo nilikuwa navuruga kitanda kila asubuhi, na yeye akimaliza vyumba vyake anapitia mlango wa nyuma tunakunywa chai. Siku ya mwisho aliniletea chakula cha kwao kwenye karatasi ya fedha: shelisheli. Nikapiga ukelele! Shelisheli lile lile. Sisi tunalipika kwa nazi, wao wanalichoma zima motoni mpaka ganda liwe jeusi tii, wanalila na samaki wa kukaanga. Akaniambia lilikuja Saint Vincent mwaka 1793, nahodha Bligh alileta miche kwa meli kutoka Tahiti ili watumwa wa mashamba ya miwa walishwe kwa gharama ndogo. Yeye alilitaja kama mtu anayeeleza babu yake alivyohamia mtaa. Meza ya hoteli siku zote tano haikuona shelisheli. Ilikuwa kamba kwa siagi, na kamba tena.

Sasa ningemwambia nini kaka yako? Kalipa pesa nyingi ili nikae peke yangu nitazame bahari, na saa nilizozipenda kuliko zote ni za mlango wa nyuma na mfanyakazi. Nikasema kuzuri. Na kulikuwa kuzuri kweli, sikudanganya. Maji ya kule rangi yake hata dukani sijaona kitambaa cha kuifanana.

Tuje kwenu. Huko mnakotaka, Petit St. Vincent, tulipita mbele yake kwa boti. Nyumba 22 zimetawanyika kisiwani, na kila moja ina mlingoti mlangoni. Mnapandisha bendera ya njano mkitaka kitu, mhudumu anapita na kigari anasoma mlichoandika. Mkipandisha nyekundu, hakaribii mtu. Nilipoelezwa hivyo nilimkumbuka shangazi yako Mwanamkuu. Fungate yetu na marehemu babako ilikuwa chumba cha nyuma kwa bibi yako Msambweni, siku saba kamili kama neno lenyewe lisemavyo, na mlango ulikuwa pazia. Shangazi yako ndiye aliyekuwa akileta chakula. Akifika ukumbini anakohoa. Tukinyamaza, anaweka sinia chini anaondoka. Siku saba sikuona jungu wala ndoo. Nikadhani tuko peke yetu duniani, na huko uani wanawake sita wanapika, wanafua, wananong'ona na kufukuza watoto wasipige kelele. Kule visiwani wanaokohoa wanapanda boti kurudi kwao jioni, hiyo ndiyo tofauti, na bei.

Hata minazi ile ya pichani msidhani iliota yenyewe. Kile kisiwa cha jirani, Palm Island, zamani kilikuwa Prune Island. Mwaka 1966 bwana mmoja John Caldwell alikikodi kwa miaka 99, dola moja kwa mwaka, akaanza kupanda minazi na jina likabadilika.

Kwa hiyo nendeni, lakini si Agosti baada tu ya harusi kama mnavyopanga. Msimu wa vimbunga kule ni Juni mpaka Novemba, na Agosti na Septemba ndiyo moto wenyewe. Sisi tulioko karibu na ikweta hatuvijui vitu hivi, tunaviona kwenye taarifa ya habari. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipiga kisiwa cha Carriacou, hapo hapo jirani, na Union Island karibu nyumba zote ziliharibika. Nilimtumia yule dada ujumbe usiku ule. Tiki moja. Kesho yake tiki moja. Nilikuwa naamka usiku kuangalia tiki. Baada ya siku kumi na tisa ikaja ya pili, kisha maneno: nyumba imekwenda, watoto wazima, tuko Saint Vincent tumeletwa na feri. Amerudi kwao mwaka jana, hotelini pia amerudi. Ngojeni Januari au Februari. Fungate haiozi.

Na msilipe siku kumi. Siku nne zinatosha. Nyinyi mmechumbiana kwa simu, yeye Doha wewe Nairobi, hamjawahi kukaa chumba kimoja mkakosa la kusema. Siku ya tatu mtakosa. Ni kawaida, na si vibaya lije mkiwa na bahari mbele, lakini likija siku ya tatu na zimebaki saba, bila simu, mtagombana juu ya feni. Siku zinazobaki mwende Carriacou kwenye nyumba ya wageni ya kawaida. Pale kijiji cha Windward bado wanaunda mashua za mbao ufukweni kwa shoka na randa, kama Matondoni kule Lamu. Mwenzako anapenda vyombo, atafurahi.

Kabla ya kulipa ulizeni ufuo unatazama wapi. Tangu 2011 kuna mwani wa kahawia unaoletwa na mawimbi upande wa mashariki, si mwani kama ule wa Kibuyuni wa kuuza. Ukirundikana na kuoza unanuka kama mayai viza, na picha za tangazo hazinuki. Ulizeni pia kama bei ya "kila kitu ndani" inaweza kuondolewa pombe. Nusu ya hiyo bei ni ramu ambayo hamtaionja.

Kuna mti unaota karibu na maji, una matunda ya kijani kama vitufaha, unaitwa manchineel. Usiguse, usile, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, maana matone yakipita kwenye majani yale yanababua ngozi. Sehemu nyingine wanaupaka mstari mwekundu. Jua likizama funika miguu, usubi wa kule hauonekani ila utauhisi wiki nzima.

Viza mimi sikudaiwa, Barbados wala Saint Vincent, kwa pasi yetu ya Kenya. Kinachowasumbua watu ni pale ndege inapobadilishwa. Mkipitia London ulizeni viza ya kupita mapema, msije mkaachwa Nairobi na zawadi zenu.

Bakshishi weka mkononi mwa mtu. Ile asilimia 10 inayoandikwa kwenye bili huwezi kujua inashukia wapi. Badilisheni pesa mpate dola za kule, moja ya Marekani wanakupa 2.70, na noti ndogo ndogo. Usiache mezani ukaondoka, mfanyakazi mwaminifu ataogopa kuichukua. Nimewahi kuacha elfu moja ya Mjerumani juu ya meza siku mbili nikipangusa vumbi kuizunguka.

Kuhusu kiwanja: kiwanja kitakuwepo. Mwenye nacho ni mjomba wako, hana pa kukipeleka.

Mkipita Grenada niletee kungumanga, nzima na basibasi yake, si ya unga. Na yule dada nimemnunulia leso, doti moja, iko juu ya kabati kwenye mfuko wa bluu. Nitakutumia namba yake. Leso usiikate wala usiipinde, mpelekee hivyo hivyo ilivyo, nilishamweleza kwa simu kuwa ni mbili zilizoshikana na akasema mkasi anao.

Mamako