Usukani unanata, siti zimepauka: nifanyeje?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Gari yangu hubeba abiria kutwa, na kila jioni naifuta ndani kwa jiki iliyozimuliwa ili kuua vijidudu. Sasa siti za ngozi zimepauka pale abiria wanapoegemea, na usukani unanata mikononi. Niongeze maji kwenye jiki au nibadili dawa?

JIBU: Badili dawa, ndugu yangu. Jiki iache chooni. Ndani ya gari inakula rangi, inakausha plastiki na kudhoofisha nyuzi za mkanda. Na usithubutu kuichanganya na siki wala dawa ya vioo yenye amonia. Inatoka gesi ya sumu, na gari ni chumba kidogo mno kwa mchezo huo.

Siti nyingi za ngozi za siku hizi zimepakwa utando mwembamba unaolinda rangi. Hapo palipopauka utando umeshaliwa, na hakuna sabuni itakayourudisha. Muone mpaka rangi wa ngozi.

Usukani bado una matumaini. Kinachonata mara nyingi ni jasho na mafuta ya viganja. Chukua maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo na mswaki laini, upite taratibu kwenye mshono. Povu litaingia jeupe na kutoka rangi ya chai. Lifute kabla halijakauka, kisha rudia. Kama bado unanata, basi ni utando wenyewe unaoyeyuka: uvalishe kava jipya, usiendelee kusugua.

Sabuni hiyo hiyo huvunja virusi vingi vyenye ganda la mafuta, kwa hiyo kazi kubwa imeshafanyika. Dawa ni ya sehemu zinazoshikwashikwa tu: vishikio vya milango, gia, swichi za vioo, kufuli za mikanda. Tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Wengi wanakimbilia ya 99 wakidhani ndiyo kali, kumbe inaruka hewani kabla haijamaliza kazi. Maji yaliyomo kwenye ya 70 ndiyo yanayoipa muda. Lowesha kitambaa, si gari, uache pakauke penyewe. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Inashika moto upesi, kwa hiyo zima injini, fungua milango yote, na mvuta sigara akae mbali.

Skrini ni kitambaa laini chenye maji kidogo, basi. Amonia inaharibu utando wake wa kuzuia mng'ao.

Siti za kitambaa usizimwagie maji. Sponji ikishayanywa itanuka uvundo, na chini ya siti zimepita nyaya, za eabegi zikiwemo.

Mkanda uvute wote nje, uoshe kwa sabuni, kisha ubane na kibanio cha nguo usirudi ndani mpaka ukauke kabisa.