Barua kwa binti yangu: kwa nini keshia wenu hasemi

Bukavu, Jumapili jioni

Binti yangu Neema,

Barua yako imefika. Mama yako amenisomea mara mbili, macho yangu unayajua. Unasema keshia wenu huko Lubumbashi ameitwa polisi kwa ajili ya pesa zilizopungua, na wakili amemkataza kujibu lolote kabla yeye hajafika. Unauliza: kama hana kosa, anaogopa nini kusema?

Najua swali lako linatoka wapi. Kwetu msichana akiulizwa habari ya posa akanyamaza, wazee husema amekubali. Kesi ya jinai haiendi hivyo. Anayeshtaki ndiye wa kuthibitisha. Ibara ya 17 ya Katiba yetu ya 2006 inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Nilipokuwa karani kijana kazi yangu ilikuwa kuandika PV, yaani maandishi rasmi ya mahojiano. Mtu anahojiwa kwa Kiswahili, mimi naandika Kifaransa, yeye anatia sahihi au dole gumba. Siku moja akaletwa mbeba mizigo wa bandarini, gunia la sukari limepotea. Akasema: "Gunia hilo nililichukua mimi, nikalifikisha kwenye boti." Kuchukua kwetu ni kubeba, na pia ni kutwaa. Nikaandika neno la kutwaa. Hakuna aliyeniamuru, nilikuwa na haraka tu. Sentensi hiyo ndiyo iliyosomwa baadaye kwamba amekiri, naye akarudishwa kasho, chumba cha mahabusu. Kijana alikuwa amesema kweli tupu, binti yangu, na kweli yake ndiyo iliyomfunga. Bado inaniuma.

Kwa Wamarekani kuna kesi ya Ernesto Miranda. Mwaka 1963, huko Phoenix, alihojiwa kama saa mbili akatia sahihi kwamba ametenda kosa aliloshukiwa. Mwaka 1966 Mahakama Kuu yao, majaji 5 dhidi ya 4, ililikataa ungamo hilo: hakuambiwa kwamba anaweza kunyamaza, wala kwamba anaweza kuwa na wakili pale. Wengi hawajui kilichofuata. Alishtakiwa upya, na mwaka 1967 akatiwa hatiani kwa ushahidi mwingine. Kwa hiyo kunyamaza hakumwokoi mwenye kosa. Kunamlazimu mshtaki atafute ushahidi nje ya kinywa cha mtu.

Kwetu neno hilo limo katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 14: mshtakiwa asilazimishwe kujishuhudia wala kukiri. Nchi yetu ilijiunga nao 1976. Katiba nayo inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, polisi wasimshike zaidi ya saa 48, na wakili awe naye tangu huko huko polisi.

Mwambie keshia wenu asidanganye hata kidogo. Uongo ukiingia kwenye PV hautoki. Akiamua kusema, asomewe PV yote kwa Kiswahili kabla ya sahihi, na neno lisilo lake lirekebishwe palepale.

Na uniandikie upesi: kwenye konvokasio yake, ile karatasi ya kumwita polisi, anaitwa kama shahidi au kama mshukiwa? Shahidi hutakiwa kujibu, nami nimewaona walioingia asubuhi kama mashahidi wakalala kasho. Amuulize wakili hilo kabla ya kuvuka mlango.

Baba yako