Maswali na Majibu: Mizinga Iliyorudi Nyuma Bila Kunyamaza

Swali: Mhariri, nimesoma kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kikosi cha 9 cha mizinga cha Massachusetts kilirudi nyuma pale Gettysburg huku kikiendelea kupiga. Mzinga unaokokotwa na farasi unapigaje huku unarudi?

Jibu: Kwa kamba, ndugu msomaji. Tarehe 2 Julai 1863 Kapteni John Bigelow alikuwa na mizinga 6 ya shaba aina ya Napoleon, na vijana wake hawakuwa wamepigana hata siku moja. Kwa kawaida, mzinga ukihama, mkia wa gari lake hunyanyuliwa na kupachikwa kwenye kigari cha mbele chenye kasha la risasi, kinachovutwa na farasi 6. Wakati wote huo mzinga hauna sauti, na askari wa miguu wa adui wanakuja mbio. Bigelow akaamuru mkia ufungwe kwenye kigari kwa kamba nene ya mita 8 hivi. Farasi wanavuta, mkia unaburuzwa chini, mdomo wa mzinga haumpi adui kisogo. Wanasimama, wanashindilia, wanapiga. Kishindo chenyewe kinausukuma mzinga nyuma na kamba inalegea, kisha farasi wanaikaza tena. Hivyo ndivyo walivyovuka kama mita 350 hadi kona ya ukuta wa mawe kwenye shamba la Trostle.

Usidhani ni kazi laini. Mkia hujichimbia kwenye udongo laini, na farasi mmoja akianguka kwenye hatamu mzinga umekwama hapo hapo. Shabaha nayo huharibika kila mzinga unaposogea, kwa hiyo mbinu hii hufaa zaidi adui akiwa karibu, kwa makopo ya bati yenye gololi za chuma 27. Mbali ya mita 350 makopo hayo hayana maana sana. Adui akikaribia kabisa, hushindiliwa makopo mawili kwa baruti ya risasi moja, yaani gololi 54 kwa mpigo. Taabu ni kwamba kasha la Napoleon lina risasi 32, na makopo ni 4 tu kati ya hizo. Nyingi ni za kupiga mbali. Makasha mengine matatu ya kila mzinga yako kwenye gari la akiba na kigari chake.

Swali: Kwa nini picha za wapiga mizinga humwonyesha mmoja ameziba tundu dogo la kuwashia baruti, nyuma ya mtutu, kwa kidole gumba?

Jibu: Kila mpiga mzinga huitwa kwa namba ya kazi yake. Huyo ni namba 3, na maisha ya namba 1 yamo katika kidole hicho. Baada ya kila mpigo, vipande vya mfuko wa baruti hubaki vikifuka ndani ya mtutu. Namba 1 huingiza sponji yenye maji kuvizima, kisha hushindilia risasi mpya kwa mdeki. Tundu likiachwa wazi, mdeki husukuma hewa na kuchochea kaa; baruti inalipuka mikono ya namba 1 ikiwa bado mdomoni mwa mzinga. Kwa kuwa shaba huunguza, namba 3 huvaa kifuko cha ngozi kidoleni. Kikosi chenye mazoezi hupiga mara 2 kwa dakika kwa kulenga. Wakizidiwa na adui huharakisha, na hapo ndipo sponji hurukwa.

Swali: Walipoteza mizinga 4 kati ya 6. Si walishindwa?

Jibu: Hapana. Mkuu wake, Luteni Kanali Freeman McGilvery, alimwagiza Bigelow ashikilie Trostle kwa gharama yoyote, kwa sababu nyuma yake palikuwa na pengo lisilo na askari. Bigelow aliponunua muda, McGilvery alipanga safu mpya ya mizinga kando ya kijito cha Plum Run. Kikosi cha adui, cha 21 cha Mississippi, kiliingia katikati ya mizinga ya Bigelow baada ya farasi wengi kuuawa. Mizinga 2 tu ilitoka. Watu 28 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea kati ya 104. Bigelow mwenyewe alijeruhiwa na kuokolewa na mpiga tarumbeta wake, Charles Reed, aliyetunukiwa baadaye Nishani ya Heshima. Ile mizinga 4 ilikombolewa jioni hiyo hiyo: bila farasi hai wa kuikokota, aliyeiteka hana la kufanya nayo.