Ukuta wa Bwawa la Tope Unatoa Majimaji: Tukae au Tuhame?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Naishi mkoani Geita, kijiji kilicho chini ya bwawa la tope la mgodi, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa yakiwa na maji. Ukuta wake ni wa udongo mtupu na kila baada ya muda unaongezwa kimo. Tangu kiangazi kilichopita, chini ya ukuta upande wetu pana majimaji na pameota matete mabichi, wakati mashamba yote yamekauka. Mume wangu alipouliza, mlinzi alimjibu kwamba kila bwawa huvuja, tusiwe na wasiwasi. Mvua zinakaribia. Kwa nini wasijenge kwa zege? Na sisi tutajuaje kwamba hali imeharibika? — Mama Neema

JIBU: Marahaba mwanangu. Udongo wenyewe usikutie hofu. Mabwawa mengi ya tope duniani ni ya udongo na mawe, kwa sababu ukuta wa udongo uliopangwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa vizuri hulala na ardhi yake bila kupasuka pale ardhi inapotitia kidogo. Zege juu ya msingi wa namna hiyo lingeweka nyufa. Kinachoua mabwawa haya ni maji yaliyokaa pasipostahili.

Bwawa la tope halijengwi likaisha mara moja. Linapanda pamoja na mgodi, miaka kumi, ishirini au zaidi. Kwa hiyo ulizeni jambo hili kwanza: ukuta unapoongezwa, tabaka jipya linakaa juu ya nini? Likiongezwa kuelekea nje, linakaa juu ya ukuta wa zamani na ardhi ngumu. Likiongezwa kuelekea ndani, linakaa juu ya tope lenyewe. Njia hii ya pili ni rahisi kwa gharama, na inahitaji uangalizi mkali kuliko zote, kwa sababu tope lililoshiba maji hubadilika ghafla. Umewahi kukanyagakanyaga mchanga wa ufukweni ukalegea chini ya mguu kama uji? Ndivyo lilivyofanya bwawa la Brumadinho, Brazili, tarehe 25 Januari 2019. Ukuta wa mita 86 ulioongezwa kuelekea ndani uliporomoka kwa sekunde chache, ukaua watu 270, wengi wao wafanyakazi wa mgodi wenyewe. Bwawa lilikuwa limeacha kupokea tope tangu 2016, na mwaka 2018 lilipata cheti cha kuwa imara. Uchunguzi ulikuta maji mengi ndani ya ukuta na mifereji ya ndani isiyotosha kuyatoa. Brazili imepiga marufuku ujenzi wa aina hiyo.

Hapa kwetu, tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka na tope likafunika mashamba na kufika kwenye makazi. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Wanaosema mambo haya ni ya nchi za mbali, wakumbushe Kishapu.

Sasa majimaji yako. Ni kweli kila bwawa la udongo hupitisha maji kiasi. Ukuta mzuri una chujio la mchanga na kokoto ndani yake, linaloyapokea maji na kuyatoa kwenye mfereji ulio chini ya ukuta. Mwishoni mwa mfereji huo huwekwa bamba la chuma lenye mkato wa umbo la V, na fundi husoma kimo cha maji yanayopita kwenye mkato na kukiandika daftarini. Mimi nikifika kwenye bamba hilo, kabla hata ya kusoma kipimo nainama nyuma yake. Nikikuta udongo laini umejikusanya pale, ziara yangu imebadilika, maana udongo huo umetoka ndani ya ukuta.

Kwako wewe, maana yake ni hii. Maji maangavu yanayotoka kwa kiasi kilekile, na yanayopimwa, si ya kukimbiwa. Yakiongezeka bila mvua, yakihamia mahali papya, au yakikauka ghafla bila sababu, toeni taarifa siku hiyohiyo. Yakigeuka ya tope, ukuta unaliwa kutoka ndani. Hapo usisubiri mtu. Chukua watoto mpande mlimani kwa upande, wala msifuate korongo, kwa sababu tope litafuata korongo. Fanyeni hivyohivyo mkiona ufa mrefu sambamba na ukingo wa ukuta, au ukuta umevimba chini. Na hata maji yakiwa maangavu kiasi gani, msiyanywe wala msinyweshe mbuzi. Kwenye migodi ya dhahabu yanaweza kuwa na sianidi, sumu inayotumika kutoa dhahabu kwenye mawe.

Matete hayo nayachukulia kwa uzito. Yanaonyesha maji yamekaa hapo muda mrefu, na kama hapo hapana mfereji wala bamba, basi hakuna anayeyapima. Pigeni picha kila Jumapili mkisimama mahali palepale, nje ya uzio. Kisha pandeni kilimani muangalie bwawa: dimbwi la maji linatakiwa kuwa mbali na ukuta, kati ya dimbwi na ukuta pakiwa na tope pana lililokauka. Merriespruit, Afrika Kusini, dimbwi lilikuwa limesogea hadi ukutani. Tarehe 22 Februari 1994 mvua kubwa ya jioni ikapitisha maji juu ya ukuta, na watu 17 wakafa.

Andikeni barua kupitia mtendaji wa kijiji kwenda mgodini, nakala Bodi ya Maji ya bonde lenu, NEMC (baraza la taifa la mazingira) na Wizara ya Maji. Ombeni vipimo vya maji ya mfereji, ramani ya mahali tope litakapofika ukuta ukibomoka, na tarehe ya zoezi la kuhama pamoja nanyi, king'ora kikilia. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mabwawa ya tope, kilichotolewa Agosti 2020, kinataka wanaoishi chini ya bwawa washirikishwe katika maandalizi ya dharura. Jibu la mlinzi getini halitoshi, na msilikubali.

SWALI: Mhandisi, heshima yako. Nina karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, Kahama, na vimbwawa vya marudio, yaani mabaki yanayobaki dhahabu ikishatolewa. Vimejaa. Naweza kupandisha kingo kwa marudio yenyewe? — Mchimbaji mdogo

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Marudio ni unga laini. Mvua moja inayachana. Tumia udongo wa mfinyanzi, tabaka nyembamba nyembamba, ukishindilia kila moja kabla ya kuweka jingine. Chini na pembeni tandika plastiki nzito iliyoungwa kwa moto, na uache nafasi juu ya maji ya kupokea mvua kubwa kuliko zote unazozikumbuka. Chimba mtaro wa kuzuia maji ya mlimani yasiingie. Kama kuna kisima cha watu chini ya eneo lako, hamisha vimbwawa kabla ya kuongeza hata koleo moja.